Mkato wa almasi: jinsi ya kuchagua jiwe linalowaka hata nje ya duka

Asubuhi moja ya Julai, msimu ule ambao mbingu ya Nairobi hufunikwa na wingu la kijivu tangu alfajiri mpaka saa sita, kijana mmoja alipanda ngazi za karakana yetu pale Ngara akiwa na kiboksi cha pete mfukoni. Alikuwa amenunua pete ya uchumba na alitaka tuipunguze saizi. Alipoifungua mbele ya dirisha akanyamaza, akaigeuza huku na huku, kisha akaniuliza, "Fundi, mbona hapa imelala? Kule dukani ilikuwa inawaka moto."

Cheti kilisema almasi ile ni ya karati 1.02 (karati ni kipimo cha uzito wa vito). Nikaipima: upana milimita 6.2, kina milimita 4.18. Mezani nilikuwa na jiwe lingine, la mteja aliyetaka kidani, la karati 0.90. Nikaliweka kando ya lile la kwanza juu ya karatasi nyeupe. Upana wake ulikuwa milimita 6.2 vilevile. Kwa hiyo ukiyatazama kutoka juu, mawe yale mawili yalikuwa na ukubwa mmoja, ila lile jepesi lilijaa mwanga mpaka ukingoni, na lile zito lilikuwa na duara jeusi katikati, mfano wa mboni ya jicho. Kijana alikuwa amelipia uzito uliojificha chini ya jiwe, mahali ambapo hakuna atakayeuona, na uzito huohuo ndio uliokuwa unalizima.

Tangu siku hiyo kila anayekuja kuniuliza habari za almasi humwanzishia kwenye mkato. Rangi na usafi jiwe linazaliwa nazo ardhini. Mkato hutoka mkononi mwa binadamu, na ndio unaoamua kama jiwe litawaka kidoleni au litakaa tu kama kipande cha kioo cha bei ghali. Huu hapa ndio utaratibu ninaowapa, hatua kwa hatua.

Kabla ya dukani: fanya jaribio la glasi ya maji

Jaza glasi ya kioo maji, iinue juu kidogo ya macho yako, kisha utazame uso wa maji kutokea chini, kwa mshazari. Utaona uso ule umegeuka kioo cha kujitazamia, unang'aa kama fedha, na dari huioni tena kupitia hapo. Mwanga ukigonga uso wa maji karibu na wima, hupenya na kutoka. Ukiugonga kwa mshazari uliozidi kiasi fulani, hurudishwa ndani wote. Kwa maji, kiasi hicho ni digrii 49 hivi kutoka kwenye wima. Kwa almasi ni digrii 24 na nusu tu, kwa kuwa almasi huupinda mwanga kwa nguvu sana: kipimo chake cha kupinda mwanga ni 2.42, ilhali maji ni 1.33 na kioo cha dirisha ni karibu 1.5.

Maana yake ni kwamba mwanga ukishaingia ndani ya almasi, mlango wa kutokea ni mwembamba mno. Nyuso nyingi za ndani zitakuwa vioo kwake. Kazi yote ya mkataji ni kuzipanga nyuso hizo ili mwanga uingie kwa juu, udunde upande mmoja wa chini, udunde upande wa pili, kisha urudi juu kwenye jicho lako. Akizipanga vibaya, mwanga unatokea chini au pembeni, nawe unaona giza.

Kiswahili kimetupa maneno yanayotosha kueleza yale ambayo mkato mzuri huleta, na ni vizuri kuyatenganisha, maana hayaonekani kwenye taa moja. Kung'aa ni ule weupe mwingi unaorudi jichoni, jiwe likionekana limejaa. Kuwaka ni pale mwanga mweupe unapopasuka kuwa nyekundu, samawati na chungwa, cheche za rangi kama za upinde wa mvua. Kumeremeta ni mchezo wa nuru na giza unaopishana mkono unapotikisika. Kumeremeta kunahitaji giza pia. Jiwe ambalo ni jeupe tupu pande zote huonekana bapa, limepoa.

Hatua ya 1: Tenganisha umbo na mkato

Ukiulizia mkato kwenye maduka mengi ya Westlands au katikati ya mji, utajibiwa "duara" au "mraba". Hilo ni umbo. Mkato ni ubora wa pembe, vipimo na ulinganifu ndani ya umbo hilo. Almasi mbili za duara zinaweza kutofautiana kama usiku na mchana.

Almasi ya duara iliyokatwa kwa mtindo wa kawaida ina nyuso 57, au 58 ikiwa ncha ya chini imesagwa kidogo. Uso mkubwa wa juu kabisa, ule bapa, tuuite meza. Kutoka kwenye meza kuteremka mpaka ukingoni ni taji. Ukingo wenyewe, unaolizunguka jiwe mahali palipo pana zaidi, ni mshipi. Chini ya mshipi jiwe huchongoka kama pia mpaka kwenye ncha. Sehemu hiyo tuiite tumbo. Yashike majina haya manne, yatatusaidia mpaka mwisho.

Hatua ya 2: Dai cheti, kisha soma mchoro wake

Usinunue almasi ya thamani bila cheti cha maabara inayojitegemea. Inayojulikana zaidi ni GIA, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1931. Tangu mwaka 2006 taasisi hiyo hutoa daraja la mkato kwa almasi za duara, na madaraja ni matano: Excellent, Very Good, Good, Fair na Poor. Kwa jiwe la duara mimi siteremki chini ya Excellent ila kwa sababu nzito, kama vile jiwe la urithi. Maabara nyingine zipo, lakini hazilingani kwa ukali, kwa hiyo usilinganishe daraja la maabara hii na la ile kana kwamba ni kitu kimoja.

Daraja peke yake halitoshi. Excellent ni chumba kipana, na ndani yake kuna mawe yanayowaka sana na mengine ya wastani. Hapo ndipo mchoro wa ubavuni unapokuwa na kazi. Kwenye cheti kamili utaona jiwe limechorwa kwa upande, limezungukwa na namba. Namba zilizo juu kabisa ni upana wa meza kwa asilimia. Iliyo kwenye mteremko wa juu ni pembe ya taji. Iliyo kwenye mteremko wa chini ni pembe ya tumbo. Ubavuni kuna kina cha jiwe zima, nacho ni asilimia ya upana wake.

Mwaka 1919 Marcel Tolkowsky, mhandisi aliyetoka katika ukoo wa wakataji almasi, alipiga hesabu za njia ya mwanga na kufikia meza ya asilimia 53, taji la digrii 34.5 na tumbo la digrii 40.75. Zaidi ya karne moja baadaye, mawe mazuri bado yanazunguka jirani na namba zake. Kwa mnunuzi wa leo mimi hupendekeza meza kati ya asilimia 54 na 58, taji kati ya digrii 34 na 35, tumbo kati ya 40.6 na 41, na kina kati ya asilimia 60 na 62.5. Mshipi usiwe mwembamba kama wembe, maana utabanduka siku utakapogonga pete kwenye mlango wa gari, wala usiwe mnene, maana unene huo ni uzito unaolipiwa bila kuonekana.

Tumbo ndilo lenye hasira kuliko sehemu nyingine zote. Nusu digrii tu inabadilisha sura ya jiwe. Taji na tumbo pia hufanya kazi kama watoto wawili kwenye bembea ya ubao: mmoja akipanda, mwenzake ashuke. Taji likiwa 35, napenda tumbo la 40.6; taji likiwa 34, tumbo la 41 linakubalika. Ukiona zote mbili zimesimama, tuseme taji 36 na tumbo 41.6, tulia kwanza, jiwe hilo huenda linavuja mwanga pembeni hata kama cheti kimelisifu.

Jambo moja ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi: GIA husawazisha namba hizi kabla ya kuzichapa. Pembe ya taji huandikwa kwa nusu nusu digrii, na ya tumbo kwa hatua za 0.2. Ndiyo maana hutaona 40.75 kwenye cheti, utaona 40.8. Mawe mawili yenye namba zilezile yanaweza kuwa na tofauti ambayo ni jicho tu litaiona. Namba zitumie kuondoa mawe mabaya. Lililo zuri utalichagua kwa macho.

Wakati cheti kiko mkononi, ingiza namba yake kwenye tovuti ya maabara uone kama maelezo yanalingana. Mawe mengi yana namba hiyo imeandikwa kwa leza kwenye mshipi, herufi ndogo ambazo hazionekani bila lenzi. Mwombe muuzaji akuonyeshe. Ni ombi la kawaida, na muuzaji mwaminifu hakasiriki.

Hatua ya 3: Litembeze jiwe kwenye mianga minne

Hapa ndipo ninapotaka utumie muda wako mwingi. Kule dukani alikonunua yule kijana, taa ndogo kali za darini zilikuwa zimeelekezwa moja kwa moja kwenye kabati la vioo. Taa za namna hiyo huchokoza cheche kwenye almasi yoyote, hata iliyokatwa ovyo. Si udanganyifu, maduka ya vito duniani kote hufanya hivyo, lakini ni mwanga ambao mchumba wako hataishi ndani yake. Ataishi kwenye ofisi yenye taa nyeupe za darini, kwenye matatu karibu na dirisha, jikoni, kanisani, na kwenye sebule jioni.

Anza kwa kulitazama jiwe chini ya zile taa za duka, ulifurahie, kisha ulisahau. Sogea mbali na kabati, ugeuze mgongo kwenye taa, na ulitazame jiwe ndani ya kivuli cha mwili wako, au uinamishe mkono chini ya kiwango cha kaunta. Almasi iliyokatwa vizuri huendelea kung'aa hapo, kwa utulivu. Iliyokatwa vibaya huzimika kama simu iliyokwisha chaji. Kipimo hiki kinachukua nusu dakika, na kama ningeruhusiwa kukufundisha kimoja tu, ningechagua hiki.

Kisha tafuta mwanga wa mchana. Maduka mengi ya Nairobi yana mlango wa chuma unaofunguliwa kwa kitufe na askari amesimama hapo, na ni haki yao kutokuruhusu utoke na jiwe. Zungumza kwa adabu: "Mama, naomba tulisogeze karibu na dirisha, hata wewe ukilishika mwenyewe." Kama duka liko ndani kabisa ya jengo la maduka, omba wazime taa za kaunta kwa dakika moja, mbaki na taa za darini zilizotawanyika. Mwanga wa wingu, ule wa Juni mpaka Agosti hapa kwetu, ni hakimu mkali wa kung'aa, kwa kuwa unatoka pande zote na hauchokozi rangi. Jua kali la Januari ni kinyume chake: jiwe linaweza kuonekana jeusi kidogo na kurusha cheche kubwa za rangi. Usiogope, almasi nzuri hufanya hivyo juani.

Mwanga wa nne ni taa moja ndogo kwenye chumba chenye giza, au mshumaa. Siku stima ikipotea jioni, wenye almasi nzuri hugundua kitu ambacho hawakukijua: mwali mmoja mdogo hutoa rangi nyingi kuliko taa kumi. Hapo ndipo kuwaka kunapimwa. Dukani utatumia tochi ya simu, ukiishika mbali kidogo.

Kwa kila mwanga, weka jiwe umbali wa sentimita 30 hadi 40 kutoka machoni. Ukilisogeza karibu zaidi, kichwa chako kitaziba mwanga na utalilaumu jiwe bure. Litikise polepole, kushoto na kulia, na uangalie mambo matatu.

Tazama katikati, chini ya meza. Ukiona duara jeusi lisilobadilika hata ukilitikisa, tumbo limesimama mno, na nyuso za chini zinakurudishia kivuli cha kichwa chako badala ya mwanga wa chumba. Hilo ndilo lililokuwa tatizo la ile pete ya Ngara. Ukiona pete nyeupe hafifu ndani ya meza unapoliinamisha kidogo, kama jicho la samaki sokoni, tumbo limelala mno, na unachokiona ni taswira ya mshipi. Lakini usichanganye kasoro hizi na mishale minane myembamba myeusi inayoonekana kwenye almasi ya duara. Mishale hiyo ni ya kawaida. Huwa inawaka na kuzima unapotikisa mkono, na bila hiyo kumeremeta kungepungua.

Tazama ukingoni. Mwanga ufike mpaka mshipini. Jiwe lenye ukingo wa kijivu huonekana dogo kuliko lilivyo.

Tazama mapigo. Cheche ziwe zimetawanyika jiwe zima, zinapokezana, zisikusanyike upande mmoja huku mwingine umelala.

Na daima weka mawe mawili au matatu pamoja. Jiwe moja likiwa peke yake huonekana zuri, kwa kuwa jicho halina cha kulinganisha nacho. Omba mojawapo liwe lenye cheti cha Excellent, hata kama bei yake si yako, liwe kipimo chako.

Hatua ya 4: Lenzi

Chukua lenzi ya kukuza mara 10. Isogeze karibu kabisa na jicho, kisha lilete jiwe kwenye lenzi, wala si lenzi kwenye jiwe. Angalia kama kona za nyuso zinakutana mahali pamoja au zimepishana, na kama unene wa mshipi unafanana pande zote. Hapohapo utaweza kumshika mgeni anayejifanya almasi: moisanaiti ina tabia ya kuonyesha kingo za nyuso za chini zikiwa mbilimbili ukiitazama kwa mshazari, kwa kuwa huugawa mwanga mara mbili. Almasi haifanyi hivyo. Moisanaiti pia hurusha rangi nyingi kuliko almasi, na kile kifaa cha kupima joto ambacho wauzaji hupenda kukitumia hudanganyika nayo.

Kuhusu almasi za maabara, zile zinazokuzwa kiwandani: ni almasi kamili, mwanga hupita ndani yake vilevile, na kanuni zote za mkato nilizozitaja ni zilezile. Bei yake iko chini sana, kwa hiyo hakuna kabisa sababu ya kukubali mkato wa wastani.

Kwa nini mawe mabaya hukatwa

Watu huniuliza: kama namba nzuri zinajulikana tangu 1919, kwa nini mtu akate vibaya? Jibu ni uzito. Almasi nyingi mbichi zenye umbo zuri ni kama piramidi mbili zilizogandishwa tako kwa tako, na kulitoa jiwe la duara humo hupoteza karibu nusu ya uzito, mara nyingi zaidi. Mkataji amekaa na jiwe lililolipiwa kwa karati, na mbele yake kuna njia mbili. Akifuata mwanga, atatoka na karati 0.90. Akiliacha tumbo lizame na mshipi unenepe, atatoka na 1.02, na bei kwa kila karati huruka panapovukwa 1.00. Vishawishi viko wazi.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna mfano wetu. Huko Mwadui, Shinyanga, kwenye mgodi ulioanzishwa na mjiolojia wa Kanada John Williamson baada ya kupata almasi hapo mwaka 1940, lilichimbwa mwaka 1947 jiwe la waridi la karati 54.5. Williamson akalizawadia kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyeolewa mwaka huo. Lilipokatwa London likabaki karati 23.6. Zaidi ya nusu ya jiwe adimu namna ile iliondoka, na hakuna aliyelia, kwa sababu kilichobaki kilikuwa na uhai.

Hatua ya 5: Panga pesa zako

Ukiwa na bajeti, mkato uwe wa kwanza kulipiwa na uzito uwe wa mwisho. Jiwe la duara la karati 1 lililokatwa vizuri lina upana wa milimita 6.4 hadi 6.5. Chukua kalipa, au soma vipimo kwenye cheti, na uulize jiwe lako linatoa milimita ngapi kwa uzito wake. Kina unakipata kwa kugawanya kina cha milimita kwa upana: kwa ile pete, 4.18 kwa 6.2 ni asilimia 67, na namba hiyo peke yake ingetosha kumrudisha kijana kabatini.

Tafuta mawe yaliyo chini kidogo ya namba nzima, kama 0.90 hadi 0.97. Kidoleni hakuna atakayetofautisha, na bei hushuka. Kwenye rangi, ambayo cheti huipa herufi kuanzia D isiyo na rangi mpaka Z yenye unjano, kama pete ni ya dhahabu nyeupe au platinamu, G mpaka I zinatosha. Kwenye dhahabu ya njano hata J hukaa vizuri, maana chuma chenyewe kina joto lake. Mkato mzuri pia husaidia kuficha rangi hafifu na madoa madogo, kwa kuwa jicho linashughulishwa na mwanga. Kwenye usafi, lipia mpaka pale ambapo jicho tupu halioni doa, kisha simama.

Uliza kama bei ina VAT ya asilimia 16 ndani yake, na kama imepigwa kwa dola, ni kwa kiwango cha siku gani. Muda wa kurudisha uandikwe kwenye risiti. Hilo ndilo lililomwokoa yule kijana. Nilimwandikia vipimo vyake kwenye karatasi, akarudi dukani kabla siku zake hazijaisha, akabadilishiwa kwa jiwe la 0.91 lenye tumbo la 40.8. Alirudishiwa na pesa kidogo juu.

Maumbo mengine

Kwa duara tuna namba. Kwa maumbo mengine tegemea macho zaidi. Yai, tone la machozi na yale marefu yaliyochongoka ncha mbili huwa na kivuli katikati kinachofanana na tai ya kipepeo. Kiasi kidogo ni kawaida. Kikibaki cheusi kila unapolitikisa, liache. Ya mstatili yenye ngazi ndefu, kama mkato uitwao emerald au ule wa Asscher wa mwaka 1902, hayameremeti kwa cheche. Hutoa mapigo mapana, taratibu, kama dirisha linalofunguliwa na kufungwa, na yanahitaji usafi wa juu kwa sababu kila doa linaonekana. Mimi binafsi nayapenda sana, lakini anayetaka moto anunue duara.

Hatua ya 6: Baada ya kununua

Unapolipeleka jiwe kwa sonara likapachikwe, andika namba ya mshipini kwanza, na uisome tena siku ya kuchukua. Usimruhusu mtu akushawishi kwamba almasi inahitaji tundu kubwa chini ili ing'ae. Iliyokatwa vizuri inapokea mwanga kutoka juu na kuurudisha juu. Tundu la chini lina kazi nyingine, ambayo ni kuosha.

Na kuosha ndiko ambako wengi huua mkato mzuri waliolipia. Almasi hupenda mafuta, huyavuta na kuyashikilia. Losheni, mafuta ya nazi, unga wa chapati wenye siagi, vyote hupita chini ya pete na kuganda kwenye tumbo la jiwe. Kumbuka ile digrii 24 na nusu: mafuta yakigusana na jiwe, inapanda hadi karibu digrii 37, na mwanga mwingi uliokuwa unarudi sasa unapenya na kupotea. Jiwe halijachakaa, limezibwa tu.

Mara moja kwa wiki, chukua bakuli la maji ya vuguvugu, tia tone la sabuni ya vyombo, loweka pete dakika 20. Usifanyie juu ya sinki lililo wazi. Kwa mswaki laini, ingia chini ya jiwe, kwenye lile tundu, usugue taratibu pande zote za tumbo. Suuza kwa maji mengine ndani ya bakuli, kausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Kila mwaka mpelekee fundi atazame kucha zinazoshika jiwe, na unapofika kwake usimame kwanza dirishani, mgongo kwenye taa, ulitazame jiwe lako kivulini kama ulivyofanya siku ya kwanza.